Mawimbi Niliyoapa Kuyaona

Nimeshona kanzu Wandegeya kwa zaidi ya miaka arobaini, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa mwongo. Katika kitambaa sikumdanganya mtu. Pamba ilikuwa pamba, na ile darizi nyekundu ya kifuani niliishona kwa mkono hadi vidole vikaota sugu. Uongo wangu ulikuwa mmoja tu, nao ulihusu bahari.

Babu yangu alikuja huku kutoka pwani akifuata biashara ya nguo, akaoa, akabaki. Baba yangu alizaliwa hapa, nami nikazaliwa hapa. Nyumbani tulisema Kiswahili, na majirani walituita Waswahili kana kwamba tulikuwa tumefika wiki iliyopita. Siku ya Idi wanaume wa ukoo walikaa sebuleni wakisimulia habari za pwani: halua, chumvi inayokula kuta za nyumba, maji yanayojaa asubuhi na kupwa jioni. Wengi wao hawakuwa wamefika hata Kisumu. Lakini walisimulia vizuri, na mimi nilisikiliza vizuri zaidi.

Nilipokuwa kijana, nikiwa ndiyo kwanza nimepata cherehani yangu, mzee mmoja wa Kiganda aliingia dukani. Alitaka kanzu ya kuvaa kwenye kwanjula ya binti yake, siku ambayo upande wa mume huja kujitambulisha kwa wazazi wa mke. Aliipindua kanzu niliyomwonyesha, akakagua mishono, kisha akanikagua mimi.

“Wewe ni Mswahili wa kweli au wa hapa hapa?”

“Wa kweli, ssebo,” nilimjibu kwa heshima ya Kiganda.

“Bahari umeiona?”

Ningeweza kusema hapana. Jibu hilo lilikuwa fupi, na halikuwa na aibu yoyote ndani yake. Badala yake nilisema, “Nimeiona. Nimesimama ndani yake hadi hapa,” nikagusa goti. Mzee akacheka kwa furaha, akachukua kanzu mbili badala ya moja.

Baada ya hapo watu walianza kuelekezana. Nenda kwa yule wa baharini, walisema, kanzu yake ndiyo ya asili. Walipokuja walitaka kusimuliwa, nami nilisimulia, na kila mwaka maji yangu yalizidi kuwa na kina. Leo wananiita Hajji, ingawa sijawahi kuhiji. Hilo sikulianzisha mimi; hapa kwetu kila Mwislamu mwenye mvi ni Hajji. La bahari nililianzisha mwenyewe.

Mke wangu, binti wa Kinubi kutoka Bombo, alikuwa mtu pekee aliyejua. Mwanzoni alinicheka. “Mume wangu,” alisema, “maji makubwa uliyowahi kusimama ndani yake ni ya mtaro wa Bwaise siku ya mvua.” Baadaye aliacha kucheka, kwa sababu tulipata mtoto, na mtoto alikuwa anasikiliza.

Tulijaliwa mmoja tu, msichana. Akitoka shule alikaa chini ya meza yangu ya kukatia, akiokota vipande vya kitambaa na kuniuliza maswali. Kwa nini sindano ina jicho lakini haioni. Kwa nini pasi inanguruma ikiwekewa maji. Sijui ni watoto wangapi duniani wameuliza vitu vingi hivyo kwa siku moja, lakini mimi nilizoea, na siku asipouliza nilidhani anaumwa. Alikuwa na miaka tisa aliponiuliza kinachosababisha mawimbi baharini.

Nakumbuka nilikuwa nimeshika jora jipya. Fundi akitaka kulaza kitambaa mezani hukishika ncha mbili na kukirusha mara moja, na kitambaa huinuka, kikakimbia hadi mwisho wa meza, kikatulia bila mkunjo. Nilikirusha, kisha nikamjibu.

“Maji yanatoka Uarabuni,” nilimwambia. “Kule ng’ambo bahari huvuta pumzi, na ikiitoa, maji hung’oka na kuanza safari. Wimbi moja hutembea siku saba. Likikugusa miguu huku pwani, jua kwamba maji hayo hayo yaligusa miguu ya mtu wa Maskati wiki iliyopita.”

Alitoka chini ya meza ili anitazame usoni. “Na yakifika yanakwenda wapi? Mbona nchi kavu haijai?”

“Yanarudi kwa chini.”

“Wewe yalikugusa?”

“Yalinigusa.”

Jibu hilo lilikuwa zuri, na uzuri wake ndio ulionidhuru. Nimejisemea mara nyingi kwamba kama lingekuwa jibu baya, mtoto angelisahau kabla ya chakula cha jioni. Alilibeba miaka mitano.

Akiwa kidato cha pili, mwalimu wa jiografia alifundisha mawimbi. Alisema mawimbi yanafanywa na upepo, na kwamba maji yenyewe hayasafiri na wimbi. Binti yangu alinyoosha mkono na kusema sivyo, maji yanatoka Uarabuni. Mwalimu akamuuliza amesoma wapi. Akajibu, “Sikusoma. Baba yangu amesimama ndani yake.” Darasa zima lilicheka, na tangu siku hiyo wenzake wakamwita Maskati.

Aliporudi alinikuta naweka alama za chaki kwenye kitambaa. Mama yake alikuwa nyuma ya pazia, jikoni, akikaanga vitunguu.

“Baba, niambie kweli. Bahari uliiona?”

Hapo nilifanya lile ambalo sitalisahau hadi nitakapoingia kaburini. Nilisema, “Wallahi niliiona.”

Kijiko cha mama yake kilinyamaza kwenye sufuria. Binti yangu alinitazama kidogo, akaniamini. Hakuwa mjinga. Alifikiri hivi, kama alivyonieleza baadaye: mtu anaweza kukiona kitu na asijue kinavyofanya kazi, lakini baba hawezi kuapa kwa jina la Mungu kwa jambo la kitoto. Kwa hiyo aliamua kwamba baba aliiona bahari ila hakuielewa, akanitetea hivyo hivyo shuleni.

Nilipata hofu. Wiki hiyo nilimwomba mke wangu apike pilau, nikawaalika maskini kumi nyuma ya msikiti wakala wakashiba, kafara ya kiapo changu. Sheikh mmoja alikuwa amewahi kutufundisha kwamba kiapo cha uongo cha makusudi hakifutwi kwa chakula peke yake, lakini nilijifanya nimesahau sehemu hiyo ya darsa. Tukiwa tunaosha sinia, mke wangu alisema, “Umewalisha kumi. Wa kumi na moja yuko chumbani anafanya kazi ya shule.”

Nilisugua sinia ile ile mara ya pili.

Mwaka uliofuata shule iliandaa safari ya kwenda Mombasa kwa wanafunzi wa jiografia. Binti yangu alichaguliwa. Alikuja na barua ambayo mzazi alitakiwa kutia sahihi, ameishika kwa ncha kama kitu kibichi. Nilijua mara moja itakavyokuwa. Angeenda, angesimama, angeona, na akirudi angenikalisha na kuniuliza: Baba, mbona hukuniambia kuhusu hili? Lipo jambo moja, sikujua ni lipi, ambalo kila aliyefika baharini analijua, nami nisingelijua.

Nilimwambia mtoto wa kike wa Kiislamu hasafiri bila maharimu, ndugu wa kiume wa kumsindikiza. Nilitaja aya na hadithi. Nilikaza sauti. Mama yake alijaribu kuingilia, nikamnyamazisha mbele ya mtoto, jambo ambalo sikuwa na desturi nalo. Kumbe safari yenyewe ilikuwa na walimu wa kike watatu, na binti za masheikh wawili walikwenda.

Hakulia. Aliikunja barua mara nne, akaiweka kwenye kikopo changu cha vifungo, akaenda kukoka jiko. Tangu siku hiyo hakuniuliza kitu tena. Alinisalimia, alinihudumia, alinitii. Alipoolewa na askari polisi na kuhamia Naguru, alikuja kila wiki na matunda. Alifanya yote ambayo binti mwema humfanyia babake. Lakini maswali yaliisha. Alikuwa mwalimu sasa, mwalimu wa jiografia, na maswali yake yote aliwapelekea wengine. Nilikaa na ukimya huo zaidi ya miaka ishirini. Mke wangu alipougua ugonjwa wake wa mwisho aliniambia, “Lile jambo ni lako. Mimi silitoi. Litoke mdomoni mwako.” Akafa miaka mitatu iliyopita nikiwa bado sijalitoa.

Mwaka huu, Jumamosi moja baada ya Idi, binti yangu aliingia dukani. Jirani yangu ana mashine ya kunakilia, na ilikuwa ikivuma kwa sababu wanafunzi wa chuo walikuwa na mitihani, kwa hiyo ilibidi aketi karibu ili nimsikie.

“Shikamoo, Baba.”

“Marahaba, mama. Karibu.”

“Likizo hii tunapeleka wanafunzi Mombasa. Mimi ndiye kiongozi wa safari.”

Nilisema hongera. Sindano ilinichoma, nikajifanya haikunichoma.

“Nimekuja kukuomba uje darasani Jumatatu. Na ukipenda, uje nasi safarini. Kiti kipo.”

“Nije kufanya nini, mwanangu?”

“Kuwasimulia. Kila mwaka nikifundisha mawimbi wananiuliza, Madamu, wewe umeyaona? Nawaambia kweli, mimi nimesoma tu, sijaona. Lakini baba yangu amesimama ndani yake. Sasa wamechoka kusikia habari za huyo baba, wanataka kumwona.”

Sikujua. Nilidhani amekwenda zamani, chuoni labda, au na mumewe. “Hujafika hata siku moja?”

“Ningefika lini? Masomo, kazi, watoto, Mama akaugua. Wakati nilipokuwa na nafasi, sahihi ilikosekana.” Alilisema bila uchungu, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Alipoondoka nilikaa nikihesabu kilichotokea. Mwanangu hakuwahi kuwadanganya wanafunzi wake hata mara moja. Alisimama mbele yao mwaka hadi mwaka akikiri asichokijua, na pale ukweli wake ulipoishia, aliegemea uongo wangu. Jumatatu ningeingia darasani, na ama ningemdanganya tena mbele ya wanafunzi wake, au ningemwaibisha. Nilikuwa na siku moja katikati. Nikampigia simu, nikamwomba anipeleke Ggaba tukale samaki.

Alikuja Jumapili alasiri na gari yake ndogo. Tulipita Kabalagala, tukashuka hadi ziwani. Mama mmoja muuza samaki alitupangusia meza ya mbao karibu na maji.

“Hajji, karibu. Samaki iko moto. Unataka kubwa ama ya kati?”

“Ya kati,” binti yangu alisema, “lakini isiwe ya jana.”

“Nnyabo,” mama yule alimjibu kwa heshima, “ya jana nilikula mwenyewe. Ona vile nimenenepa.”

Akaleta samaki wawili na ndimu kadhaa. Upepo ulikuwa unatoka ziwani, na mawimbi madogo yalikuja moja baada ya jingine, yakipiga mbavu za mitumbwi iliyofungwa. Nilikuwa nimepanga maneno usiku kucha, lakini yalitoka tofauti.

“Sijawahi kuiona bahari.”

Alikuwa anatoa mwiba. “Nini?”

“Sijawahi. Wala mpaka wa Busia sijauvuka.”

“Uliapa.”

“Niliapa.”

Alifikiri, na niliona fikira zake zikirudi nyuma mwaka kwa mwaka hadi zikafika. “Na ile barua?”

“Niliogopa ungerudi ukanijua.”

“Ulisema maharimu. Ulisoma aya.”

“Nilisoma.”

Alinawa mikono polepole, kidole kwa kidole, akachukua ndimu moja mezani kama mtu asiyejua anachochukua, akaenda hadi mwisho wa gati la mbao. Nilibaki na samaki wawili. Yule mama muuza samaki alikuja akanisimamia.

“Hajji, mmegombana? Samaki ndiyo mbaya?”

“Samaki ni mzuri. Mbaya ni mimi.”

“Ah,” alisema, akitikisa kichwa. “Basi hiyo siwezi kukaanga tena.”

Nikacheka, nikiwa na machozi. Nikainuka, nikaenda gatini kwa hatua za mzee. Mwanangu hakugeuka.

“Unajua nimegombana na nani miaka yote hii?” alisema. “Si wewe. Wewe nilikusamehe mapema. Nilisema, mzee wa watu anafuata alichofundishwa. Niligombana na dini. Kuna Ramadhani nimefunga kwa hasira, na kuna nyingine sikufunga. Binti yangu wa kwanza sikumpeleka madrasa kwa ajili ya barua ile. Kumbe dini haikuwemo. Mlikuwemo wewe na kanzu zako.”

Niliwahi kufikiri kwamba nilimnyima safari. Sikujua nilimpokonya kitu kikubwa kuliko safari.

“Mama alijua?”

“Alijua. Alisema litoke mdomoni mwangu.”

“Limechelewa.”

“Limechelewa sana, mwanangu. Nisamehe. Na usipoweza leo, sitashangaa.”

Muadhini wa Alasiri alisikika kutoka mjini, akakatika na upepo, akasikika tena. Kisha mwanangu alifanya jambo ambalo nadhani ni ualimu tu, kwa sababu mwalimu hawezi kusimama mbele ya kitu na asikifundishe. Aliirusha ile ndimu majini, mbali kidogo na gati, mahali penye kina.

“Unaona nini?” akaniuliza.

Lilikuwa swali. La kimwalimu, la mtu anayejua jibu, lakini swali. Nilitazama kwa bidii kama mtoto anayeogopa fimbo.

“Wimbi linakuja kwetu. Ndimu imepanda. Imesogea mbele kidogo. Imeshuka. Imerudi nyuma.”

“Sasa?”

“Wimbi jingine. Imepanda tena. Iko pale pale.”

“Hesabu mawimbi.”

Nilihesabu hadi thelathini. Mawimbi thelathini yalipita, yakafika kwenye mitumbwi, yakavunjika, na ndimu ilikuwa imesogea kama hatua moja tu.

“Hiyo hatua moja ni upepo unaisukuma,” alisema. Sauti yake ilikuwa bado ngumu, lakini ilikuwa ikizungumza. “Maji hayaji kwetu. Yanazunguka, yanarudi mahali pake. Kinachokuja ni msukumo tu. Upepo unasugua uso wa maji, unafanya vikunjo vidogo. Vikunjo vinaupa upepo mahali pa kushika, unasukuma zaidi, vinakua. Hapa ziwani upepo hauna nafasi kubwa, kwa hiyo mawimbi ni haya. Baharini una nafasi ya siku na siku, ndiyo maana kule wimbi ni kubwa, na linaweza kufika siku isiyo na upepo kabisa, kwa sababu dhoruba iliyolizaa ilikuwa mbali sana.”

“Kwa hiyo mbali kweli limetoka.”

“Wimbi, ndiyo. Maji, hapana.” Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu mezani. “Robo ulipatia.”

“Na pale linapovunjika?”

“Kina kimepungua. Miguu yake inajikokota ardhini, kichwa kinakuja na mwendo wake, linaanguka kifudifudi.”

Nilimwambia hilo la wimbi kwenda na maji kubaki nalijua. Akaniuliza, kwa ukali, ninalijuaje. Nikamweleza habari ya jora: kwamba maisha yangu yote nimeshika kitambaa ncha mbili nikakirusha, na nimeona mgongo ukipita ndani yake kutoka mikononi mwangu hadi ukingo wa meza, na kitambaa chenyewe hakijawahi kunitoka mikononi. Nilifanya hivyo siku aliponiuliza, akiwa na miaka tisa, nikakilaza, kisha nikamdanganya juu yake.

Halafu pembe ya mdomo wake ikacheza. “Jumatatu uje nacho,” alisema. “Lakini utawaambia kama ulivyoniambia mimi. Kila kitu. Na kiapo.”

“Watakucheka wewe.”

“Walishanicheka. Niliitwa Maskati miaka minne.”

Jumatatu nilisimama mbele ya wanafunzi wengi kuliko wateja wangu wa mwezi mzima. Nilivaa kanzu yangu bora. Niliwaambia jina langu ni baba wa mwalimu wao, kwamba ninashona kanzu, na kwamba bahari sijaiona. Kelele ikaanza nyuma. Nikaendelea hadi mwisho, mzee wa Kiganda, Maskati, kiapo, barua. Nilipotaja barua kelele iliisha.

Msichana mmoja wa mbele alisimama, akaniita babu kwa Kiganda. “Jjajja, kwa nini ulidanganya?”

“Kwa sababu watu walifurahi,” nilisema. “Kisha kwa sababu walikuwa wameshafurahi.”

“Na Madamu amekusamehe?”

Nilimtazama binti yangu. Alikuwa anapanga madawati mawili yawe meza moja ndefu, na hakuinua kichwa. “Hilo halimo kwenye mtihani,” alisema. “Kaa chini. Hajji, jora.”

Nililirusha. Mgongo ulikimbia juu ya madawati hadi mwisho. Wakataka tena. Nikafunga kipande cha uzi mwekundu katikati ya kitambaa ili waone uzi ukipanda na kushuka bila kwenda popote, na nikarusha hadi bega likauma, nao wakahesabu kwa sauti. Kwa dakika zile chache nilikuwa fundi tu, anayejua kazi yake, na ilitosha.

Wiki iliyopita alikuja dukani na fomu ya safari. Kila msafiri lazima awe nayo, alisema, hata wazee. Alijaza jina langu na umri wangu, na penye maradhi akaandika magoti. Mwishoni palikuwa na nafasi ya sahihi ya mzazi au mlezi. Nilinyoosha mkono nichukue kalamu.

“Si wewe,” akasema. Akatia sahihi yake mwenyewe, akaipuliza wino ukauke. Kisha akafungua kikopo changu cha vifungo, akachimba hadi chini. Barua ya zamani ilikuwamo bado, imekunjwa mara nne, imekuwa ya manjano. Sikuwahi kuwa na ujasiri wa kuitupa. Hakuifungua. Aliipapasa tu, akairudisha, akafunika.

Hajaniambia kwamba amenisamehe, nami siulizi. Lakini yule mjukuu wangu mkubwa, aliyekosa madrasa kwa ajili yangu, sasa huja dukani Jumamosi, nami namfundisha herufi za Kiarabu kwa chaki kwenye meza ya kukatia. Ni mama yake anayemleta.

Siku ile ya fomu, binti yangu alipofika mlangoni, alisimama na kunigeukia. Mashine ya jirani ilikuwa imezimwa, kulikuwa kimya.

“Baba,” alisema, “unadhani maji ya bahari ni ya baridi?”

Nilifungua mdomo. Nusu ya maisha yangu ilikuwa tayari kulijibu swali hilo, kwa maelezo na mifano.

“Sijui, mwanangu.”

“Hata mimi,” alisema, akatabasamu, akaenda zake.

Zimebaki siku kumi na moja. Ninajishonea kanzu ya safari, ya pamba nyepesi, isiyo na darizi. Pindo lake nimelipandisha hadi juu kidogo ya goti, pale pale nilipomwonyesha yule mzee, ili lisilowe nikisimama.